Nani mjinga hapa, mama wa Titye au sisi wasomi?

Kuna sentensi nimeichoka. "Wale wa vijijini wanaua watoto wao kwa ujinga." Nimeisikia chumba cha habari, nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kwenye vikao vya harusi, na wiki iliyopita nimeisikia tena kutoka kwa bwana mmoja mwenye shahada mbili. Nikamuuliza swali moja tu: mtoto wa siku kumi akichemka mwili usiku, wewe msomi unafanya nini? Akajibu bila hata kufikiri: "Nampa Panadol ya maji, asubuhi nikiona bado nampima malaria." Akaendelea na soda yake.

Haya. Leo tugombane.

Nazungumzia homa ya mtoto mchanga, na naomba kwanza tuelewane kuhusu hilo neno "mchanga". Siyo mtoto anayetambaa. Siyo yule wa chekechea anayerudi nyumbani na kamasi kila Ijumaa. Ni mtoto wa siku 28 za kwanza, ambaye kitovu hakijadondoka au kimedondoka juzi. Huyo akipata joto hana "homa tu". Kinga yake bado changa, haiwezi kuufungia ugonjwa mahali pamoja. Bakteria wakipata mlango, iwe ni kitovu, ngozi, mapafu au njia ya mkojo, wanaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu wanaweza kufika kwenye utando wa ubongo. Hesabu hiyo inakwenda kwa saa, haiendi kwa siku. Ndiyo maana daktari wa watoto anayejua kazi yake, awe Muhimbili au London, akiambiwa mtoto wa siku tisa ana joto hatabasamu. Atachukulia kwamba ni maambukizi makali mpaka vipimo vimkatalie.

Na kuna watoto ambao hawapandi joto kabisa, wanapoa. Mtoto mchanga aliyeshuka chini ya nyuzi 35.5 ni wa kukimbizwa sawasawa na yule anayewaka. Hilo nalo waulize wenye shahada uone.

Sasa nieleze nimefikaje kwenye hasira hizi. Nilikwenda Titye, wilaya ya Kasulu, kwa kazi nyingine kabisa. Mhariri alitaka habari ya bei ya maharage. Wasioijua Kigoma wanadhani ni mwisho wa reli, migebuka na mawese, basi. Ukiacha ziwa ukapanda kuelekea Kasulu na Kibondo unakuta nchi nyingine: vilima, migomba, mahindi, maharage, na baridi ya alfajiri inayokufanya ujute kuacha sweta mjini. Waha wa huko juu wana baiskeli zinazobeba mizigo ambayo Dar tungeitafutia pikapu.

Kati ya watu niliozungumza nao kuhusu maharage alikuwamo mama mmoja, umri wake hautofautiani sana na wangu, mtoto wa miezi minane mgongoni. Nikasema tu maneno ya adabu, kwamba mtoto ana afya. Akacheka. "Huyu kaka yangu? Huyu nilimrudisha." Maharage yakaishia hapo, nikafungua ukurasa mwingine wa daftari.

Mtoto alikuwa na siku tisa. Usiku akamgusa kifuani akamwona wa moto. Mama mkwe wake akasema ni blanketi, mmemfunika kama gunia, mfunueni. Wakamfunua. Moto haukushuka. Lakini kilichomtisha yule mama siyo moto. Mtoto aliacha kunyonya kwa bidii. "Alikuwa anashika ziwa, halafu anasahau." Hayo ni maneno yake mwenyewe, na sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo ya ile dalili ambayo vitabu vinaiandika kwa ukavu kama "kushindwa kunyonya".

Hakusubiri kukuche. Mume akatangulia na tochi na baiskeli, yeye nyuma na mtoto kifuani ndani ya khanga. Zahanati waliyofika jina lake nalihifadhi. Wakamtoboa mtoto kisigino, damu ikawekwa kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria. Hakuna malaria. Basi akapewa Panadol na maelekezo: homa itashuka, rudi keshokutwa kama haijaacha.

Akakataa kuondoka. "Nilikaa kwenye benchi. Nikawaambia siendi, mtoto haniangalii." Akakaa mpaka mchana, akiambiwa anasumbua. Mchana akaingia muuguzi mwingine, dada mmoja, akamfunua mtoto kifua, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi dakika nzima. Zilifika sabini na kitu. Mstari wa hatari kwa mtoto wa umri ule ni pumzi 60 kwa dakika. Yule dada hakusema neno. Alichoma sindano ya kwanza palepale, akaandika barua ya rufaa. Hospitali walikaa siku kumi, dawa za mshipa na sindano kila siku. Ndiyo huyo mgongoni, anavuta hereni ya mama yake.

Nakuomba uirudie hiyo habari taratibu ukitafuta ujinga wa mama uko mstari gani. Alitambua joto kwa mkono. Alitambua dalili ya pili ambayo ni kubwa kuliko joto. Aliondoka usiku. Alikataa jibu lisilotosha kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe, kitu ambacho wengi wetu wenye vitambulisho vya kazi shingoni hatuthubutu.

Sasa tushuke Dar, kwa jamaa zangu wawili, mume na mke, wote wa chuo kikuu. Wamenipa ruhusa niandike, kwa sharti la kutowataja. Mtaani kwao kuna maduka ya dawa matatu na hospitali ya kulipia ambayo unaiona ukisimama barazani. Kipimajoto wanacho. Mtoto wao akiwa na wiki mbili walimpima: nyuzi 38.4. Wakampa Panadol. Baada ya saa moja wakapima tena, 37.1, wakapumua. Baba akauliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, majibu yakaja kama mvua: ni upepo, ni mchango, ni hali ya hewa. Shangazi mmoja, mwalimu mstaafu, akaandika kwamba anaanza kuota meno. Wiki mbili jamani! Usiku joto likarudi, Panadol ikarudi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mtoto akakakamaa mikono na macho yakapinda. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto yupo, anatembea, mcheshi ajabu. Ila ukimwita kutoka nyuma hageuki.

Siwaandiki jamaa hawa kuwalaumu, wamejilaumu vya kutosha. Nawaandika kwa sababu walifanya kile ambacho karibu kila msomi ninayemjua angefanya, halafu kesho yake akaenda kazini kuwacheka watu wa Kigoma.

Tuseme ukweli kuhusu Panadol. Kwa mtoto mkubwa ni dawa nzuri. Kwa mtoto mchanga ukimpa nyumbani kwa akili yako, unachofanya ni kuzima kengele huku nyumba inaungua. Joto linashuka, bakteria wako palepale wanazaliana, na wewe umepata usingizi. Daktari anaweza kumpa, kwa kipimo cha uzito wake, akiwa kitandani na sindano ya antibiotiki imeshaingia. Hiyo ni habari nyingine. Na wale wa kumchovya mtoto kwenye maji baridi, tafadhali acheni. Mtoto mchanga hajui kujipasha joto, utamtoa kwenye homa umtumbukize kwenye baridi inayoua.

Swali langu ni hili: nani alitufundisha kwamba homa ni kitu cha kushusha nyumbani kwanza, halafu kutafuta malaria?

Tulifundishana wenyewe, na mimi na wenzangu wa magazetini tumo. Mwaka 2000 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba wagonjwa wa malaria wapate tiba ndani ya saa 24. Ahadi njema kabisa. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini iliyokuwa imechoka ikahamia SP, na kufikia mwisho wa 2006 tukahamia dawa mseto. Februari 2010 Rais Kikwete akazindua Zinduka, wasanii wakaimba, ukutani na redioni kukawa na neno moja: Malaria Haikubaliki. Katika kuchapa ngoma hiyo miaka yote, homa na malaria zikawa neno moja. Ukisema "nina homa" mtu anaelewa malaria. Lugha yenyewe ikatusaliti.

Na sikatai, ngoma ile iliokoa watu. Kigoma hasa ilikuwa na haki ya kuogopa. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 24 ya watoto wa mkoa ule wana vimelea, hakuna mkoa uliouzidi. Lakini angalia ni watoto gani waliopimwa: wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa siku tisa hakuwamo. Hakutakiwa kuwamo, kwa sababu malaria kwa wachanga ni kitu cha nadra zaidi. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoazima kwa mama yake, na damu yake ya mwanzo vimelea haviipendi sana. Hutokea, ndiyo, hasa mama akiwa na malaria kwenye mimba, na ndiyo sababu ya kumpima. Mwaka 2025 hatimaye Uswisi iliidhinisha dawa mseto iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kilo 2 hadi 5, miaka mingi baada ya wakubwa wao kupata yao. Naipongeza. Ila kipimo cha malaria kikisema hapana kwa mtoto mchanga, kazi ndiyo kwanza inaanza. Pale zahanati waliona ndiyo imekwisha.

Hata wakubwa wa dunia walimsahau huyu mtu mdogo. Mpango wa IMCI wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea katika miaka ya 1990, ulikuja na chati nzuri za kumwelekeza mhudumu hatua kwa hatua. Awali chati ya watoto wadogo ilianzia wiki moja ya umri. Wiki moja! Wakati mwaka 2005 jarida la Lancet lilipochapa mfululizo wake kuhusu vifo vya wachanga lilieleza kwamba takriban robo tatu ya vifo hivyo hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Yaani ramani ilichorwa, kijiji chenye moto kikaachwa nje. Baadaye wakarekebisha.

Matokeo yako kwenye takwimu zetu wenyewe, za utafiti wa afya na idadi ya watu, nendeni mkasome. Mwaka 2004/05 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2015/16 wakawa 67. Mwaka 2022 wakawa 43. Hapo unapaswa kupiga makofi, na mimi nimepiga. Sasa tazama wale wa mwezi wa kwanza. 2004/05 walikuwa 32. 2010 wakawa 26. 2015/16 wakawa 25. 2022 wakawa 24.

Kutoka 25 hadi 24. Mmoja. Wakati kaka na dada zao wanaokolewa kwa makumi, hawa wamesimama palepale, na leo ni zaidi ya nusu ya vifo vyote vya walio chini ya miaka mitano.

Najua mtaniambia si wote wanakufa kwa homa. Kweli kabisa. Sababu kubwa ni tatu: kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mbili za kwanza nyingi zinaamuliwa chumba cha kuzalia, mbele ya mkunga. Ya tatu ndiyo inayotokea usiku nyumbani, taa imezimwa, mbele ya mama, mama mkwe na wewe baba unayekoroma. Ndiyo pekee inayokupa onyo mkononi.

Kwa wanaopenda ushahidi wa hospitali, upo tele. Mwaka 2004 watafiti walichapisha katika jarida la BMJ habari za hospitali za kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 waliokuwa mahututi na kuhesabiwa kuwa wa malaria kali walipimwa damu kwa darubini, na waliokutwa na vimelea ni asilimia 46.1 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine. Moshi nako, mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 walilazwa na homa wakafuatiliwa: asilimia 60.7 waliambiwa malaria, waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Moshi si Kasulu, nalijua hilo, Kasulu kuna mbu wa kutosha. Lakini tabia ya kuacha kutafuta ni ileile. Na Muhimbili, watafiti waliofuatilia watoto katika 2001 na 2002 na kuchapisha mwaka 2007 walikuta kwamba waliokuwa na kundi fulani la bakteria kwenye damu, wale wanaoitwa gramu-hasi, walikufa asilimia 43.5. Wa malaria walikufa asilimia 20.2. Yule adui ambaye hatujamtungia wimbo aliua mara mbili ya yule tuliyemtungia.

Hapa ndipo msomi wangu wa shahada mbili atainua mkono: "Lakini wale wanapeleka watoto kwa waganga!"

Wapo. Sitawapamba watu kwa kuwa niliwapenda. Magharibi mwa nchi na nje yake kuna imani ya "meno ya plastiki", kwamba mtoto mwenye homa na kuhara ana meno mabaya ndani ya fizi yanayopaswa kung'olewa. Yameandikwa kwa Wahaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mtoto anachimbwa fizi kwa chombo kisichochemshwa. Kuna wanaokata kimeo. Kuna wanaopaka kitovu vitu ambavyo sitaviandika hapa asije mtu akajaribu. Hayo yanaua na lazima tuyaseme kwa sauti.

Ila tujiulize imani zinatoka wapi. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti kutoka Bagamoyo kuhusu degedege, ule ugonjwa wa mtoto kukakamaa na kugeuza macho. Wazazi wengi waliogopa kumpeleka hospitali mtoto mwenye degedege kwa sababu waliamini sindano itamwua. Tunacheka? Hebu fikiria: mtoto anafika akiwa amechelewa mno, anachomwa sindano, anakufa baada ya dakika chache. Jirani naye vivyo hivyo. Ungekuwa wewe ungehitimisha nini? Watu walisema walichokiona. Dawa ya imani ile ni mtoto anayefika mapema, anachomwa sindano, anarudi kijijini akivuta hereni ya mama yake. Mmoja wa namna hiyo anafundisha kuliko semina kumi zenye posho.

Na waganga wetu wa mjini je? Yule wa duka la dawa anayekukatia nusu kidonge cha antibiotiki bila kumwona mtoto. Yule shangazi wa meno. Yule anayesambaza ujumbe "umetumwa kama ulivyopokelewa". Tofauti ya huyu na mganga wa pembe ni kwamba huyu ana bando.

Sasa, kabla sijaendelea kulaumu, nikuachie kitu mkononi. Ukimgusa mtoto mchanga ukamwona wa moto, angalia kwanza kama umemvika masweta matatu. Mama mkwe wa Titye alikuwa sahihi. Mfunue, mpakate ngozi kwa ngozi, mpime tena kwapani baada ya kama robo saa. Kuna miongozo inayoanza kuhesabu homa kwenye nyuzi 37.5 na mingine kwenye 38. Usibishane na namba usiku wa manane, ukifika huko ondoka. Na kama hanyonyi vizuri, au anapumua mbio, kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, amelegea hajigusi mpaka umguse, amekakamaa, kitovu chekundu kinatoa usaha, basi usisubiri hata hiyo robo saa wala hicho kipimajoto. Ondoka. Njiani aendelee kunyonya kama anaweza, akae kifuani kwako, si begani kwenye upepo wa bodaboda.

Ukikosa usafiri kuna namba 115. Ni ya bure. Ni ule mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unaotafuta gari la wagonjwa, na likikosekana unamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa na kumlipa kwa simu. Wengi wanadhani ni wa wajawazito peke yao. Si kweli, mtoto mchanga wa ndani ya siku 28 anahusika. Nilimwuliza yule mama wa Titye kama aliijua namba hiyo usiku ule. Hakuijua. Niliporudi Dar niliwauliza wenzangu tisa kazini, waandishi wa habari, watu wanaolishwa matangazo kwa taarifa za vyombo vya habari kila siku. Aliijua mmoja, kwa sababu mke wake ni mkunga.

Kwenye kaunta ya zahanati nako, usiniambie kwamba tatizo ni elimu ya wananchi. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa ajili ya mahali ambapo familia haiwezi kufika hospitali: mtoto mchanga mwenye dalili hizi, zahanati yenyewe inaweza kumtibu kwa sindano ya jentamisini na amoksilini ya kunywa, kwa masharti. Ni dawa za siku nyingi, si za anasa. Kwa anayeweza kufika hospitali, dozi ya kwanza inatolewa kabla ya safari. Kwa hiyo yule mhudumu wa asubuhi alihitaji vitu vinne: kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, jentamisini kwenye kabati, na mtu wa kumkumbusha kwamba kipimo cha malaria siyo kipimo cha homa. Saa alikuwa nayo. Vingine sikupata ruhusa ya kufungua kabati nione.

Wala sitamgeuza yeye kuwa mbuzi wa kafara. Mtu mmoja anayezalisha, anachanja, anapima wajawazito, anaandika madaftari kumi na mbili na kufagia, tunamtaka ahesabu pumzi dakika nzima. Lakini dada wa mchana alihesabu. Dakika moja. Nataka kujua yule dada alifundishwa wapi, na kwa nini mwenzake hakufundishwa hapohapo. Nataka wilaya, kila wilaya, itueleze jentamisini ilikosekana siku ngapi mwaka huu na kwenye zahanati zipi. Nataka kipimajoto kiwe kwenye mfuko wa kila mama anayeruhusiwa kutoka wodi ya wazazi. Hiki cha dijitali mwenyewe nimekinunua, ni pesa ya chipsi kuku mara mbili. Tunachangishana mamilioni ya harusi, mtoto wa harusi hiyohiyo akizaliwa tunampelekea pampasi na doli.

Na nataka sisi wa magazeti tuache uvivu. Niliandika habari ya yule mama, maneno 900, yenye takwimu hizi zote. Mhariri wangu, mtu mwema tu, akaisoma mpaka mwisho akasema ni nzuri sana. Kisha akaniuliza kama naweza kuvumilia kidogo, tuitoe Aprili 25.

Nikamuuliza kwa nini Aprili 25.

"Si Siku ya Malaria Duniani?"

Maharage yalitoka kesho yake, nusu ukurasa na picha.